Kiti cha Mama Rozi Katika Ndege ya Ghorofa

Juzi mmoja wenu hapa darasani kwangu la ushonaji, ambaye sitamtaja kwa sababu nyanya yake ni rafiki yangu, alinikuta nikifumua mshono niliokuwa nimeuhangaikia tangu asubuhi. Akaniambia, "Shosh, si uwache tu, nani ataona?" Nikamjibu kwamba huo ni mshono wa mkoba, na mimi nimewahi kufumua ubavu mzima wa ndege. Darasa zima likaangua kicheko. Kutoka kwenye cherehani ya pembeni nikasikia mtu akinong'ona kwamba Shosh, ndiyo mimi nyanya yenu, anatupiga fiksi, eti uongo mtupu.

Nimelisikia hilo. Masikio yangu ni mazima, ni magoti tu yaliyostaafu. Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia, maana nikisimulia kwa mdomo mnaangalia simu.

Mimi nilizaliwa mtaa wa Kaloleni, baba akiwa mtu wa reli, na nikafanya kazi karibu maisha yangu yote katika karakana ya turubai kule Baba Dogo. Nimeshona vifuniko vya lori, hema za harusi na za matanga, viti vya mabasi, na joho la mchungaji mmoja mnene. Nimeshona pia mabawa ya ndege. Hakuna hata kimoja kilichochanika isipokuwa lile joho, na kosa lilikuwa la mchungaji.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa mzee mmoja Mhindi aliyeitwa Premji. Nilipoingia kwake hakunipa sindano. Alinipa wembe mkuukuu na hema lililokwisha kushonwa, akaniambia nilifumue lote bila kuacha tundu kwenye kitambaa. Nilipomaliza akanipa jingine. Nilidhani mzee ana roho mbaya, nikawa namwigiza anavyotembea wenzangu wakicheka, mpaka siku moja nikageuka nikamkuta nyuma yangu. Alitembea vile vile nilivyomwigiza, akaenda akaniletea hema la tatu. Nikalifumua kwa adabu, na siku ile nikaanza kuona jinsi uzi unavyopita ndani ya kitambaa, kitu ambacho huwezi kukiona ukiwa unashona tu.

Turudi kwenye ndege. Wakati huo nilikuwa nimehamia Umoja, mtaa ukiwa bado mpya na vumbi likiwa jekundu. Kama hamjui, nyumba za Umoja zilijengwa zikiwa ndogo makusudi, ukipewa na nafasi ya kuongeza vyumba mwenyewe. Basi watu wakaongeza. Ungelala jirani yako akiwa na vyumba viwili, uamke ana vitatu na msingi wa cha nne. Ramani ya nyumba kwetu ilikuwa kama salamu tu, halafu mazungumzo yenyewe yanaanza. Na sote tuliongeza nyuma, kwa sababu mbele kuna barabara. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta alikuwa Zablon, Baba Rozi, fundi wa injini katika kampuni ya ndege za kunyunyiza dawa mashambani. Alikuwa mtu wa kule magharibi mwa nchi, mpole, mwenye tabia ya kujibu swali lako kesho yake. Marubani wa kampuni walimpenda, wakamfundisha kuruka kidogo kidogo mpaka akapata leseni yake. Mkewe, Selina, Mama Rozi, alikuwa msusi. Alisuka wateja barazani na alikuwa akiota siku atakapokuwa na saluni yake. Kwa hiyo Zablon alipoanza kujenga chumba kirefu nyuma ya nyumba, Selina alifurahi akaanza kuchagua rangi ya kuta.

Chumba kikaisha. Kilikuwa kirefu kupita kiasi na mlango wake ungepitisha ng'ombe wawili wakiwa wameshikana mikono. Selina akauliza mlango huu ni wa wateja gani. Zablon akajibu kesho yake, kama kawaida. Alikuwa ameagiza michoro ya ndege kutoka ng'ambo, ndege ya mtu kujijengea mwenyewe, yenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya lingine. Watoto wa mtaa walipokuja kuiona waliiita ndege ya ghorofa, kwa sababu nyumba zetu zote zilikuwa za chini na hiyo ndiyo ghorofa ya kwanza waliyoiona karibu.

Selina hakupiga kelele. Aliingia chumbani, akaangalia mbao zilizopangwa sakafuni, akaangalia mahali alipokuwa amekusudia kuweka kioo. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekwenda kuomba chumvi ambayo sikuihitaji.

"Baba Rozi," akasema, "kama hicho kitu kinakaa kwenye saluni yangu, basi na mimi nitakaa ndani yake. Siku kitakaporuka na abiria, abiria wa kwanza ni mimi."

"Sawa," akasema Zablon. Akasema siku hiyo hiyo, jambo lililonitia wasiwasi.

Na nilikuwa na haki ya wasiwasi. Ndege ile ilikuwa na kiti kimoja. Zablon alijua, Selina hakujua, na baada ya jioni ile mimi nilijua pia, kwa sababu Zablon alikuja kwangu akiwa amekunja michoro kwapani akaniuliza kama naweza kutengeneza kiti cha pili kidogo, kizuri, ambacho hakikuwa kwenye ramani.

Tulikaa watu watatu kuamua kiti kiwe wapi. Wa tatu alikuwa Mzee Kariuki, seremala kutoka Kaloleni, aliyekuwa akijenga mabehewa ya reli mpaka akastaafu. Mzee Kariuki alikuwa na msimamo kwamba katika treni, basi, lori na hata mkokoteni wa punda, anayeendesha hukaa mbele na anayebebwa hukaa nyuma. Mimi nikasema hata nyumba huongezwa nyuma. Zablon akakuna kidevu akasema nyuma kweli kuna nafasi. Ilituchukua muda wa kunywa chai tu. Kwa akili ya watu wa Umoja tulikuwa tumeongeza chumba.

Mzee Kariuki akakata mbavu za mbao akarefusha tundu la kukalia kuelekea mkiani. Mimi nikatengeneza kiti. Vijana, kile kiti kilikuwa kiti. Kilikuwa na sponji nene, kitambaa cha rangi ya maruni na vifungo, na mapindo ya pembeni niliyoyaficha kabisa. Ungekiweka sebuleni ungeona haya kukikalia bila kualikwa.

Halafu ikaja kazi ya kuvika mabawa nguo, na hapa nawaomba muweke simu chini. Ndege ya namna ile ni mifupa ya mbao iliyovishwa kitambaa. Zablon alileta kitambaa cheupe cha poliesta ngumu, chepesi ajabu. Mimi nikafanya nilivyofundishwa kufanya na hema: nikakivuta mpaka kikalia kama ngoma nikikigonga. Zablon akanipongeza. Kisha akachukua pasi akapitisha, kwa maana kitambaa kile hujikaza kikipata joto, na bawa letu la kwanza likaanza kujikunja mbele ya macho yetu, mbao zikilia taratibu. Kwenye hema unakaza kwanza. Kwenye ndege unavisha kwa ulegevu, unaacha pasi ndiyo ikaze, na pasi yenyewe unaijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa. Nilifumua bawa zima. Siku hiyo nilimkumbuka Mzee Premji kwa sala.

Baada ya hapo tukashona kitambaa kwenye mbavu za mbao, Zablon upande mmoja wa bawa na mimi upande mwingine, tukipitishiana sindano ndefu kama watu wanaoongea kupitia ukuta. Uzi tuliupaka nta ya nyuki, na kila hatua tulifunga fundo lake peke yake. Sababu ni kwamba uzi ukikatika mahali pamoja, mafundo mengine yanashikilia. Mkishona kamba za mikoba yenu kwa mshono mmoja unaokimbia kutoka mwanzo hadi mwisho, nitawafumulia.

Mwisho tukapaka dawa ya kuziba kitambaa. Ina harufu inayokufanya ucheke bila sababu, na inashika moto haraka kuliko petroli. Hilo pia likumbukeni.

Ndege ya mtu kujijengea haiendi kuruka hivi hivi tu. Serikali hutuma mkaguzi, na wa kwetu alikuja akiwa amevaa viatu vilivyong'aa, mtu mtulivu, mwenye heshima, ambaye alikunywa chai kabla ya kuuliza lolote. Alikagua mishono yangu kwa kidole akatikisa kichwa kwa kuridhika, nikampenda hapo hapo. Kisha akataka ndege ipimwe uzito. Tukaazima mizani mitatu kutoka kwa wauza viazi sokoni, tukaweka mmoja chini ya kila gurudumu na mmoja chini ya mkia, mkia ukiwa umeinuliwa kwenye benchi ili ndege ikae sawa kama iko hewani.

Zablon akapanda kwenye kiti chake. Selina akatoka nyumbani akiwa amevaa kitenge kipya na ameshika mkoba, maana nani huenda safari bila mkoba. Tukamsaidia kuingia nyuma. Akakaa kwenye kiti cha maruni, akaangalia kushoto na kulia kama mtu aliyefika.

Mshale wa mzani wa mkiani ukazunguka. Ukaendelea kuzunguka. Mkaguzi akauangalia, akaangalia hesabu alizoletewa na Zablon, akauangalia tena.

Lazima niwaeleze kuhusu hesabu hizo. Zablon alikuwa amejua tangu mwanzo kwamba kiti cha nyuma kitaleta shida, si mjinga wa ndege yule, lakini alitumaini hesabu zitamwonea huruma. Kwa hiyo alimuuliza mkewe uzito wake. Selina akamtajia uzito aliokuwa nao siku ya harusi. Zablon, ambaye alikuwa na macho mawili na ndoa ya miaka mingi, akaandika alichoambiwa bila kuinua uso. Mimi simlaumu. Wavulana mlioko hapa mtakuja kumwelewa.

Mzee Kariuki akakumbuka ana kazi Kaloleni. Zablon alikuwa akiangalia viatu vya mkaguzi. Selina, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, akauliza kutoka kule nyuma, "Ni mimi?"

Mkaguzi akavua miwani. "Hapana, mama," akasema. "Tatizo si uzito wako. Tatizo ni mahali walipokuweka."

Akatueleza. Na nyinyi mnaweza kujionea wenyewe sasa hivi. Chukueni rula ya mita, iwekeni katikati juu ya kidole, mtundike mkasi kwenye ncha. Inaanguka. Sasa sogezeni mkasi mpaka karibu na kidole. Mkasi ni ule ule, na rula haijali. Ndege nayo ina kidole chake, mahali inapojibeba, pale chini ya mabawa. Ukimweka mtu mbali nyuma, pua inainuka, rubani anaisukuma chini, haisikii, na mwisho inaanguka. Mkaguzi alisema hayo kwa upole, akasema hawezi kutia sahihi, akamshukuru Selina kwa chai akaenda zake.

Zablon alisema kesho yake kwamba hakuna njia nyingine, kiti cha nyuma kitolewe, aruke peke yake kama ramani ilivyosema. Alisema hivyo akiwa amempa Selina mgongo, akikaza kitu kwenye injini ambacho kilikuwa kimekazwa tayari.

Siku iliyofuata Selina akafungua saluni.

Aliifungua mle mle, ndege ikiwa ndani. Nilipopita mlangoni nikakuta wateja wamekaa kwenye mabenchi chini ya mabawa. Taulo zilikuwa zimeanikwa kwenye nyaya kati ya bawa la juu na la chini, nyaya ambazo Zablon alizipima kwa siku nyingi. Kioo kilikuwa kimeegemezwa kwenye propela. Mwanamke mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha rubani akingoja nywele zikauke, akisema hakuna upepo mahali pengine mtaani kama pale. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikanusa mafuta ya taa.

Alikuwa amewasha stovu ya kupashia chanuo la moto. Chini ya bawa lililopakwa ile dawa.

Sijui nilifikaje pale. Najua niliibeba stovu ikiwa imewaka nikaitoa uani, na kitenge changu kina tundu mpaka leo. Nilimwambia Selina maneno ambayo siwezi kuyaandika, maana mchungaji wangu husoma kila kitu. Alikuwa rafiki yangu na angeungua yeye na wateja wake na nyumba zetu zote mbili. Alipoelewa akakaa chini, akajifunika uso na taulo, na stovu haikurudi mle ndani tena. Lakini saluni hakuifunga. Alisema chumba ni chake mpaka apewe kiti.

Usiku ule sikulala vizuri, na asubuhi nikajikuta nikiyakumbuka maneno ya mkaguzi. Nikaenda kwa Zablon kabla hajaenda kazini. Nikamuuliza pale kwenye kidole, pale ndege inapojibeba, pamekaa nini. Akanijibu siku ile ile, kwa huzuni, kwamba pamekaa tangi la petroli, mbele ya miguu ya rubani. Nikamuuliza petroli ina shida gani ikikaa juu, kwenye bawa la ghorofani. Akaanza kukuna kidevu.

Hakukuwa na shida. Ndege nyingine za namna hiyo huweka tangi hapo hapo, petroli ikateremka yenyewe kwenda kwenye injini. Mhandisi mmoja wa kampuni yao angeweza kumchorea na kumpigia hesabu. Zablon alijua yote hayo. Kilichomfunga mdomo ni kingine, na Mzee Kariuki alipofika ndiye aliyekisema. Tukifanya hivyo, Mama Rozi atakaa mbele na Baba Rozi ataendesha kutoka nyuma yake. Mzee Kariuki alisema katika maisha yake yote kwenye reli hajawahi kuona jambo kama hilo. Zablon akasema Umoja nzima itaongea. Akasema atakuwa haoni kitu isipokuwa kisogo cha mwanamke.

Nilichukua wembe wa Mzee Premji, ambao nilikuwa bado ninao, nikapiga magoti kando ya ndege nikaanza kufumua ubavu. Uzi mmoja baada ya mwingine, fundo moja baada ya lingine, bila kuacha tundu. Zablon akaniuliza nafanya nini. Nikamwambia nguo nilivisha mimi, naivua mimi, na sitaivisha tena ikiwa na kiti kimoja. Nilimwambia akitaka akatafute mshonaji mwingine wa ndege katika mitaa yote ya Eastlands, namtakia heri.

Tangi likatolewa siku ya Jumapili baada ya kanisa, ili tuone tu. Nikakitoa kiti cha maruni nyuma nikakiweka pale lilipokuwa tangi. Tukamwita Selina. Akaingia, na Zablon akaingia nyuma yake akakaa. Mabega ya mkewe yalikuwa mbele ya uso wake na kilemba kimejaa kila mahali.

"Sioni," akasema Zablon. "Naona mgongo tu."

Selina hakugeuka. "Mimi nimeuona mgongo wako tangu tuoane," akasema. "Ukienda kazini naona mgongo. Ukirudi unainamia mezani, naona mgongo. Ukinijengea saluni inageuka karakana, na ninapata mgongo. Sikutaka ndege, Baba Rozi. Nilitaka mahali pa kukaa katika jambo lako mojawapo."

Mzee Kariuki alitoka nje, na mimi nikamfuata, kwa sababu kuna mambo hata jirani mwenye kuomba chumvi hapaswi kuyasikiliza. Sijui waliambiana nini. Zablon alipotoka alikuwa amepenga kamasi, akamwambia Mzee Kariuki apime mbao za kuimarisha mbele.

Michoro mipya ikapigiwa hesabu na yule mhandisi. Tangi likapanda ghorofani. Sponji yangu nzuri ikabidi niipunguze, maana bawa lilikuwa karibu na kichwa, na Selina akakubali kuacha nywele zile kubwa za wakati ule akajifunga kitambaa. Pale nyuma palipobaki wazi tukapafunga, tukaacha tundu dogo la mkoba.

Mkaguzi akarudi. Alisema rubani lazima kwanza ajaribu ndege akiwa na mzigo kwenye kiti cha mbele, wenye uzito sawasawa na wa abiria. Sasa uzito wa harusi usingefaa. Zablon akamtazama mkewe, mkewe akatazama dari. Mkaguzi, Mungu ambariki popote alipo, akainama akatega sikio. Selina akamnong'oneza. Yule bwana hakubadilisha uso hata kidogo. Akaenda mwenyewe uani na sepetu, akajaza mchanga kwenye gunia, akalipima akiwa ametugeuzia mgongo, akaniita nilishone mdomo. Nikalishona kwa mafundo yale ya ndege, moja moja. Zablon alikatazwa kulinyanyua. Waliolibeba ni vijana wawili wa mkaguzi, na walikuwa wameonywa wasigune.

Tulivua mabawa, lori likaipeleka ndege kwenye uwanja wa ndege ndogo, nusu ya mtaa ikisindikiza kama inampeleka bibi harusi. Zablon akaruka na gunia kwa siku kadhaa, kila mara akirudi na uso umeng'aa. Gunia halikulalamika. Ndege ilikaa sawa, pua ikisikia mkono. Mkaguzi akatia sahihi.

Siku ya Selina nilikuwepo, na Mzee Kariuki aliyekuja kusema hakubaliani. Selina alipanda mbele amevaa kitenge kile kile. Injini ikanguruma, ndege ya ghorofa ikakimbia kwenye nyasi, mishono yangu yote ikapita mbele ya macho yangu, na ikapaa. Nililia waziwazi. Mzee Kariuki alisema ni vumbi.

Hawakukaa sana. Ilizunguka mara moja, ikageuka, tukaiona inashuka haraka. Nikadhani uzi, nikadhani tangi, nikadhani kila fundo. Ikatua vizuri, ikasimama, na Zablon akaruka chini kabla propela haijatulia, akakimbia kwa mkewe, akamshika mkono, akimuuliza kwa sauti iliyokatika kama anaumwa wapi.

Selina alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Uso wake ulikuwa umelowa.

"Nani amekwambia ushuke?"

"Niliona mabega yako yanatetemeka," akasema Zablon. "Nilidhani unalia. Nilidhani unaogopa."

"Nilikuwa nacheka," akasema Selina. "Niliona nyumba yetu, Zablon. Niliona ule mlango wako mkubwa kutoka juu. Nikashindwa kujizuia."

Zablon akabaki amesimama pale na mkono wa mkewe mkononi mwake. Yeye, kwa miaka ile yote, mgongo wake ndio uliokuwa ukisomwa: amechoka, amekasirika, ana habari njema anaificha. Selina alinisimulia mara nyingi kwamba angeweza kujua kila kitu kutoka kwenye mabega yale. Na siku ya kwanza Zablon alipopewa mgongo wa kusoma yeye, hakujua kucheka na kulia vinatofautianaje.

Akapanda tena nyuma yake. Kabla hajafunga mkanda nilimsikia akimwambia kwamba akitaka kushuka ainue mkono, na asipoinua hawatashuka. Wakapaa. Tuliwangoja mpaka Mzee Kariuki akachoka kutokubaliana, akakaa kwenye nyasi. Kila walipopita juu yetu tulimwona Selina na kitambaa chake cha kichwa, na nyuma yake Zablon ameinama kando kidogo, akiangalia mabega ya mkewe zaidi kuliko alivyokuwa akiangalia njia. Mkono haukuinuka.

Lile gunia la mchanga ninalo mimi, liko chini ya meza ya kukatia, nalo ndilo mnaloliwekea miguu yenu mkishona. Mafundo yake hayajaguswa. Atakayeleta mzani hapa darasani nitampa hema alifumue.